Laptopu kuukuu ya Ukunda iwekwe Linux ya sura gani?

Katika maduka ya laptopu za ex-UK pale Ukunda, Kwale, siku hizi tarakimu moja mwishoni mwa jina la mashine ndiyo inayoamua mengi. HP EliteBook 840 G3, G4 na G5 huuzwa kaunta moja, na mteja asiyezizoea hazimwonyeshi tofauti kubwa. Tofauti iko ndani. Kwa kawaida G3 ina chipu ya Intel ya kizazi cha 6, G4 ya kizazi cha 7, G5 ya kizazi cha 8. Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na kuanzia siku hiyo G3 nzima, kioo hakina ufa na kibodi haijakosa hata herufi, ikawa haina pa kwenda kwa mujibu wa waliotengeneza mfumo wake.

Microsoft ilitoa nyongeza ya mwaka mmoja wa viraka vya usalama, hadi Oktoba 2026, kwa anayejisajili. Ninaowajua waliojisajili ni wachache mno. Wengine wanaendelea na Windows 10 ileile na kumwachia Mungu, au wanamwomba fundi awawekee Windows 11 kwa njia za panya, na mafundi wa Ukunda wanazijua njia hizo vizuri. Wapo pia wanaoanza kuuliza habari za Linux. Hapo mazungumzo ya kaunta hufuata mkondo unaojulikana.

"Mwalimu, hii tukiiweka Linux itakutumikia miaka, na hulipi senti ya leseni."

"Mradi iwe na pale pa kubonyeza Start, mwanangu. Mengine siyataki."

Ombi la mwalimu ni dogo, lakini limegusa ugomvi wa karibu miaka 30. Windows huja na sura moja, utake usitake. MacBook za wageni wanaofanyia kazi mikahawani Diani nazo zina sura moja. Linux haiko hivyo. Sehemu ya chini, ile inayosoma diski, kuendesha Wi-Fi na kugawa memori, ni kitu kimoja. Sehemu ya juu unayoiona na kuishika, yaani mstari wa programu, menyu, madirisha, folda na mipangilio, ni kitu kingine, na hutengenezwa na watu wengine kabisa. Sehemu hiyo ndiyo mazingira ya deskitopu, na yapo mengi: GNOME, KDE Plasma, Xfce, Cinnamon, MATE, LXQt, na mengine ambayo hata mafundi hawayakumbuki majina.

Wingi huo ulianza na jambo ambalo halikuhusu urembo. Oktoba 1996, Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, aliwaita waandishi wa programu wajenge pamoja deskitopu ambayo mtu wa kawaida angeiweza. Enzi hizo kila programu ya Linux ilikuwa na vitufe vyake na tabia zake, na mtu alijifunza upya kila alipofungua nyingine. Mradi wake ukaitwa KDE. Ulijengwa kwa Qt, zana za kampuni ya Trolltech ya Norwe, na leseni ya Qt wakati ule haikuwa huria kikamilifu. Kwa waumini wa programu huria hilo halikumezeka. Agosti 1997 vijana wawili wa Meksiko, Miguel de Icaza na Federico Mena, wakaanzisha GNOME kwa kutumia GTK, zana zilizozaliwa katika programu ya kuhariri picha ya GIMP. Mwaka 2000 Trolltech iliitoa Qt chini ya leseni ya GPL, na kisa chote kikawa kimekwisha. Ila kila upande ulikuwa umeshajijengea, una wafuasi wake na fahari yake, na hakuna aliyekubali kubomoa.

Ugomvi wa leseni ulipokufa, ukabaki wa ladha. KDE humpa mtumiaji kila swichi iliyopo. GNOME hupunguza, kisha hupunguza tena. Aprili 2011 walipotoa GNOME 3, mstari wa chini unaoorodhesha madirisha ulikuwa umeondoka, menyu ya zamani imeondoka, na hata kitufe cha kushusha dirisha hakikuwapo tena. Watu walikasirika. Mtu mmoja wa Argentina anayejulikana mtandaoni kama Perberos aliichukua GNOME 2 iliyokuwa inatupwa akaiendeleza kwa jina la MATE, kinywaji cha kwao. Linux Mint, mojawapo ya mifumo inayoigawa Linux, chini ya Clement Lefebvre, ikatengeneza Cinnamon: mitambo mipya ndani, sura ya kale nje. Ubuntu, mfumo ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, ilikuwa imekwenda na sura yake yenyewe iitwayo Unity, ikaiacha mwaka 2017 na kurudi GNOME. Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux yenyewe, alihamia Xfce mwaka ule wa 2011 kwa hasira, baadaye akarejea GNOME. Ikiwa mwenye chombo alihangaika hivyo, sioni kwa nini mwalimu aone haya kuulizia kitufe cha Start.

Hapa kwetu swali la kwanza fundi huuliza ni la ramu. GNOME ikishawaka tu, kabla hujafungua chochote, hula kiasi cha GB moja, pengine zaidi. KDE Plasma, iliyowahi kusemwa vibaya kwa uzito, siku hizi iko chini kidogo ya hapo. Xfce huchukua karibu nusu yake, na LXQt chini zaidi. Kwa G3 yenye GB 8 tofauti hizo hazina maana. Kwa laptopu ya GB 4 zinaanza kuuma, na kwa ile ya GB 2 ndiyo mwanzo na mwisho wa maneno.

Ila mabishano haya yana shimo ambalo watu hulipita kila siku. Fungua eCitizen, Gmail, WhatsApp na video moja ya YouTube katika kivinjari, kisha tazama. Firefox au Chrome peke yake itakuwa imekula zaidi ya GNOME nzima. Aliyeikimbia GNOME kwenda LXQt ili aokoe nusu ya GB, kisha akafungua kurasa 20, hakuokoa kitu. Na laptopu ambayo bado ina diski ya kuzunguka itabaki nzito hata ukiivisha sura ya hewa. Ukiiondoa diski hiyo ukaweka SSD, mashine hubadilika siku hiyohiyo, uwe KDE au Xfce. Fundi anayekuuzia "sura nyepesi" bila kukwambia habari ya SSD amekupa dawa nusu dozi.

Kwa mashine kongwe kabisa, zile ndogo za biti 32 za mwaka 2009 hivi ambazo bado zimo kabatini katika ofisi za vikundi kuanzia Gazi hadi Vanga, njia imezidi kuwa nyembamba. Ubuntu iliacha kutoa diski ya usakinishaji ya biti 32 tangu toleo la 17.10, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 nayo imefuata. Hizo ni za kuagana nazo.

Twende saiba, maana huko ndiko kompyuta ya Kwale inakofanya kazi kweli. Saiba ya Ukunda, ya Msambweni au ya Lungalunga haiuzi intaneti tena. Kila mtu anayo mfukoni. Inauza ujuzi wa kujaza fomu: cheti cha polisi cha mwenendo mwema, leseni ya dereva, mkopo wa HELB, maombi ya vyuo ya KUCCPS, na mwezi Juni marejesho ya kodi ya KRA kabla ya tarehe 30. Karibu zote hizo hufanyika ndani ya kivinjari, na kivinjari hakijali kama nyuma yake kuna GNOME au Cinnamon. Kikwazo kinachodhaniwa ni kile kijitabu cha marejesho kinachopakuliwa kutoka iTax, tovuti ya kodi ya KRA, kwa vile wengi wanaamini ni Excel au basi. KRA huitoa fomu hiyo kwa muundo wa ODS pia, ule unaofunguka kwa LibreOffice, programu huria za ofisi, ukiruhusu makro. Inakwendakwenda taratibu na ina usumbufu wake, lakini hufika.

Kinachoamua saiba ni printa. Za HP mara nyingi hazina shida, kwa kuwa kampuni hiyo yenyewe hutoa programu ya Linux iitwayo HPLIP. Zile mashine kubwa za kufotokopi zilizonunuliwa mitumba Mombasa ni bahati nasibu: moja itakubali mara moja, nyingine itakukalisha hadi adhuhuri. Hili nalo halina uhusiano na sura. Ukimwona mtu akiisema vibaya KDE kwa sababu printa imegoma, amemkamata asiye na hatia.

Lakini kuna jambo moja la saiba ambalo sura, au tuseme kile kinachoambatana nayo, hulibadilisha, na sijaona likizungumzwa vya kutosha. Keti kwenye kompyuta yoyote ya saiba ufungue folda ya vilivyopakuliwa. Utakuta vitambulisho vya watu vilivyoskaniwa mbele na nyuma, vyeti vya KCSE, hati za PIN, barua za kuomba kazi hotelini. Wenyewe walilipa shilingi zao wakaenda zao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini folda hiyo haijaisikia. Linux Mint, katika Cinnamon, MATE na Xfce zake, ina mpangilio wa ukurasa wa kuingilia unaoruhusu mgeni: mteja huingia bila nenosiri, hufanya yake, na akitoka kila alichokiacha hufutika. Mpangilio huo huja umezimwa, inabidi uuwashe. Ubuntu ilikuwa nao zamani ikaupoteza iliporudi GNOME, kwa kuwa mlango wa kuingilia wa GNOME hauna nafasi ya mgeni. Kwa mwenye saiba, hili peke yake lina uzito kuliko mjadala wote wa nani mzuri.

Na mkono wa mhudumu nao una haki yake. Mwanamke aliyetaipu kwa Windows XP, kisha 7, kisha 10, hatafuti menyu kwa macho. Mkono unajua uko pembe ya chini kushoto. Mint ya Xfce inamwekea hapohapo. Xubuntu, ambayo pia ni Xfce, inaupeleka mstari juu. Ni programu ileile, wagawaji tofauti, na ndiyo sababu ushauri wa "weka Xfce" bila kutaja ya nani unaweza kumtia mtu hasara ya wiki nzima ya kupapasa.

Sasa nikitoka kwa mhudumu huyo nikaenda kwa mdogo wake aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, nabadili kauli. Ushauri uliozoeleka husema anayeanza apewe sura inayofanana na Windows. Inayofanana na Windows kwa nani? Kijana wa Msambweni au Kinango hakukulia kwenye Windows. Kioo chake cha kwanza kilikuwa Tecno, Infinix au itel. Alichozoea ni kufungua, kuona ikoni zimepangwa safu kwa safu, kutelezesha, kutafuta kwa jina. Mpe GNOME: anabonyeza kitufe kimoja, madirisha yote yanajitandaza mbele yake, anaandika herufi tatu za jina la programu na inatokea. Orodha ya programu ni ikoni katika safu, kama simuni mwake. Mipangilio imo katika ukurasa mmoja, Wi-Fi juu, Bluetooth chini yake. Nimewaona vijana wakiishika bila kuelekezwa, huku watu wazima wenye miaka 15 ya ofisini wakiuliza madirisha yao yamekwenda wapi. Kilichowaudhi wakongwe mwaka 2011 ndicho kinachomfaa huyu, sharti mashine iwe na ramu ya kutosha. Ubuntu kwa miaka mingi ilipendekeza GB 4 na kuendelea. Mimi ningesema 8 kama kivinjari kitafunguliwa kweli.

KDE Plasma sina ugomvi nayo. Ni nzuri, na toleo la 6 lililotoka Februari 2024 limetulia. Ina hata KDE Connect, inayorusha faili kati ya simu na kompyuta kwa Wi-Fi ya ndani bila kugusa bando, kitu ambacho mpiga picha wa harusi au mwenye kampuni ndogo ya kupeleka wageni Wasini atakipenda. Tatizo lake ni ule ukarimu. Kwenye mashine inayoshikwa na watu wengi, siku mbili hazipiti mtu hajabofya kulia, akauburuza mstari, akaufuta, kisha akanyamaza. Mashine ya mtu mmoja mdadisi, KDE. Mashine ya kaunta, hapana.

Shuleni mambo ni mengine tena, na hapo wapenzi wa Linux, mimi nikiwamo, hatuna budi kunyenyekea. Mtihani wa KCSE wa Somo la Kompyuta una karatasi ya vitendo na mradi, na shule nyingi hulifundisha somo hilo kwa Word, Excel, Access na Publisher. LibreOffice ina Base badala ya Access, lakini hazifanani hata kidogo katika namna mwanafunzi anavyofundishwa kujenga jedwali na fomu, na hakuna mwalimu atakayemhatarishia mtahiniwa alama kwa ajili ya imani ya programu huria. Maabara ya mtihani ibaki na ilichonacho. Kompyuta za maktaba, za madarasa ya chini, za ofisi ya karani, hizo zinaweza kuhamishwa kesho, na huko GNOME kwa wanafunzi na Cinnamon kwa karani zinaweza kukaa jengo moja bila kugombana.

Kuna kasoro ambayo zote zinagawana. Hakuna hata moja inayozungumza Kiswahili kikamilifu. Simu ya Android ukiiweka Kiswahili hukujibu Kiswahili kuanzia mipangilio hadi kengele. GNOME na KDE ukiziweka Kiswahili utapata maneno machache, kisha Kiingereza kinaendelea kama kawaida. Si kwamba haikujaribiwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki mradi wa Kilinux, na Desemba 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi katika Kiswahili, wakati ambapo wengi hapa Pwani walikuwa hawajawahi kugusa kompyuta. Kazi ile haikupanda ikafika kwenye deskitopu nzima. Miradi yote miwili, GNOME na KDE, hupokea tafsiri za watu wa kujitolea, na faili za Kiswahili ziko wazi zikisubiri mikono. Pwani yenye walimu wengi wa lugha kiasi hiki haina udhuru mzuri.

Ukinilazimisha kuchagua moja kwa laptopu ya kawaida ya Kwale, nitasema Linux Mint, Xfce kama ramu ni GB 4, Cinnamon kama ni 8, na sababu yangu kubwa si sura. Ni fundi. Mashine hapa zinaishi kwa tabu: upepo wa bahari una chumvi, chumvi hula miguu ya chipu na sehemu za kuchomekea, na stima hukatika katikati ya kila kitu, masasisho yakiwamo. Mint ina Timeshift, inayohifadhi hali ya mfumo ili ukiharibika urudishwe ulipokuwa jana. Na bodi ikifa kwa kutu, unaichomoa SSD, unaichomeka katika G3 nyingine, na mara nyingi Linux inawaka humo na faili zako zote bila kuuliza leseni. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi nzuri, muulize fundi wako ipi anaijua. Deskitopu ya kupendeza ambayo hakuna mtu kati ya Likoni na Lungalunga anayeweza kuirekebisha siku ya Jumamosi haikufai, hata kama kule Ulaya wanaisifu.

Na kabla hajafuta chochote, mwambie aiwashe kwa flashi kwanza. Karibu Linux zote hizi hufunguka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na unaweza kuzijaribu sura mbili tatu alasiri moja. Usikae ukitazama picha za mandhari. Unganisha Wi-Fi, kwa kuwa kadi nyingine za Broadcom hukataa mpaka ziongezewe programu zake. Chapa ukurasa mmoja kwa printa yako mwenyewe, si ya fundi. Funika laptopu, subiri, fungua uone kama inaamka. Cheza video uone sauti ipo. Kikishindikana kimojawapo, chomoa flashi uwashe tena, na Windows yako utaikuta palepale.